Maswali ya wasomaji: kitakatifu, mwiko na kaida

Barua za safari hii zimetoka Dodoma mjini, Kongwa, Kondoa, Bahi na Mpwapwa. Karibu zote zinazunguka jambo moja: ni nini hukifanya kitu kiwe kitakatifu, na kaida inapata wapi nguvu ya kumbana mtu hata akiwa peke yake gizani. Baadhi tumezifupisha.

Shikamooni wahariri. Niko mwaka wa kwanza, nasoma sosholojia. Kwenye jaribio niliandika kwamba kwa Durkheim kitakatifu ni Mungu, kanisa na msikiti, na kisicho kitakatifu ni dhambi na mambo machafu. Nimepata 3 kati ya 10. Nimekosea wapi?
*Mwanafunzi, Dodoma mjini*

Marahaba. Umekosea mahali patatu, na wengi wanaoanza somo hili hukosea hapo hapo.

Kosa la kwanza ni kuanza na Mungu. Émile Durkheim, mwanasosholojia wa Ufaransa, katika kitabu chake cha mwaka 1912 kuhusu mifumo ya msingi ya maisha ya kidini, alikataa kwa makusudi kuifafanua dini kwa kumtaja Mungu. Alitoa mfano wa Ubuddha, ambao mafundisho yake ya msingi hayasimami juu ya mungu yeyote na bado ni dini. Ufafanuzi wake una sehemu tatu, nawe uziandike zote: imani na matendo yanayoshikamana; yanayohusu vitu vilivyotengwa na kuzuiliwa; na yanayowaunganisha wanaoyafuata katika jumuiya moja ya kimaadili, ambayo yeye aliiita Kanisa. Wanafunzi huikumbuka ya pili na kuisahau ya tatu, ilhali ya tatu ndiyo inayobeba hoja ya kitabu kizima.

Kosa la pili ni kudhani kuwa kitakatifu maana yake ni chema, na kinyume chake ni kibaya. Kinyume cha kitakatifu kwa Durkheim ni cha kawaida, cha siku zote: jembe, ndoo, nauli, kazi ya kutafuta riziki. Dhambi si ya kawaida hata kidogo. Dhambi tayari imo ndani ya ulimwengu wa utakatifu, kwa upande wake wa kutisha. Hapa Kiswahili kinakubeba. Nyama ya nguruwe kwa Mwislamu ni haramu. Msikiti mkuu wa Makka nao unaitwa Masjid al-Haram. Mzizi ni ule ule mmoja wa Kiarabu wenye maana ya kuzuia: kimoja kimezuiliwa kwa kuwa ni najisi, kingine kwa kuwa ni kitukufu. Kilatini nacho kilikuwa na neno *sacer* lililobeba maana zote mbili, aliyewekwa wakfu na aliyelaaniwa. Durkheim aliichukua hoja hii kwa William Robertson Smith, aliyeandika kuhusu dini za Wasemiti, yaani watu kama Waarabu na Waebrania, mwaka 1889. Kwa hiyo maiti, damu na mahali palipomwagika damu ni vitu vitakatifu kwa maana yake, ingawa hakuna anayevitamani. Ukiweka soko upande wa uchafu na kanisa upande wa usafi, umechora mstari mahali pasipo pake.

La tatu ndilo zito zaidi: umeandika kana kwamba utakatifu unakaa ndani ya kitu. Chukua Siwa, ile fimbo ya heshima ya Bunge letu hapa Dodoma. Ilipokuwa mikononi mwa aliyeitengeneza ilikuwa kazi ya mikono kama kazi nyingine. Leo inabebwa na Mpambe wa Bunge akimtangulia Spika, watu husimama, na hakuna mbunge atakayeichukua akainingʼinizie koti. Nini kimeongezeka kwenye chombo chenyewe? Hakuna. Kilichoongezeka kimetoka kwa watu na kikawekwa juu yake. Durkheim alitoa mfano wa askari anayekufa akiilinda bendera: anasahau kuwa bendera ni ishara tu, na kwamba kipande cha nguo kikipotea nchi haijapotea.

Kutokana na hoja hiyo ya tatu unaweza kueleza jambo ambalo vitabu vingi vya utangulizi hulipita haraka, yaani kwa nini vitu vitakatifu vina miiko mingi kiasi kile. Joto la jiko linatoka kwenye mkaa, na ukiondoa mkaa jiko linapoa. Utakatifu, kwa kuwa haukutoka ndani ya kitu, hauna kinachoushikilia hapo ulipo, hivyo huenea. Maji ya bomba ni maji tu. Padri akishayabariki hayamwagwi ovyo, na chombo kilichoyabeba nacho huanza kushikwa kwa adabu. Aliyegusa maiti huoga kabla ya kugusa watu. Ndiyo maana jamii huweka kuta: siku maalumu ili ibada isichanganyike na kazi, mahali maalumu, kuvua viatu, kunawa, kufunga, kunyamaza. Durkheim aliziita ibada za kukataza, akazitofautisha na ibada za kutenda, kama sadaka na karamu, ambazo kazi yake ni kumsogeza mtu karibu na kitakatifu baada ya kukidhi masharti ya zile za kwanza.

Ukirudia jaribio, andika hivi kwa maneno yako: kitakatifu ni kile ambacho kundi limekitenga na kukilinda kwa makatazo, kinaweza kuwa cha kuheshimiwa au cha kutisha, utakatifu wake umewekwa na kundi wala haumo katika umbo lake, na kwa kukiheshimu pamoja, kundi hujikuta kuwa kundi. Kisha toa mfano mmoja wenye katazo lililo wazi. Mfano usio na katazo hautakusaidia.

Ninafundisha Uraia kidato cha pili. Wanafunzi wananiuliza tofauti ya kaida na sheria nyingine yoyote, nami najibu kuwa kaida haijaandikwa. Najua jibu hilo halitoshi, maana kuna kaida zilizoandikwa. Nisaidieni.
*Mwalimu, Kongwa*

Mwalimu, uko sahihi kutoridhika. Kuandikwa au kutoandikwa hakuamui kitu.

Durkheim alitoa kipimo kizuri mwaka 1906 mbele ya Chama cha Falsafa cha Ufaransa, nawe uko mahali pazuri kabisa pa kukifundishia. Vunja kanuni, kisha angalia adhabu inatoka wapi. Mradi wa karanga ulioanzishwa na Waingereza hapo Kongwa mwaka 1947 ulivunja kanuni za kilimo cha nchi kavu. Hakuna aliyehitaji kuuadhibu. Udongo wa mfinyanzi ulioganda na mvua haba ziliumaliza, mradi ukaachwa mwaka 1951 baada ya kuigharimu serikali ya Uingereza pauni milioni 36 hivi. Adhabu ilitoka ndani ya tendo lenyewe: ukilichunguza tendo vizuri utaiona humo. Sasa chukua kuua. Ukichunguza kisu, mkono na jeraha, hutaona jela humo ndani. Tendo lile lile, mtu akilifanya katika kujilinda au vitani, huenda asilaumiwe kabisa. Lawama haikutoka kwenye tendo. Imetoka kwenye kanuni iliyokutana na tendo. Hiyo ndiyo kaida: adhabu yake inaongezwa na watu.

Darasani, wape wanafunzi kanuni 10 zilizochanganywa. Usinywe maji yasiyochemshwa. Msalimie mkubwa wako kwanza. Usipande mtama mapema kabla mvua haijatulia. Usipokee kwa mkono wa kushoto. Waambie wagawe kwa swali moja tu: asipoonekana na mtu yeyote, je, ataumia? Watabishana kuhusu mbili au tatu, na mabishano hayo ndiyo somo lenyewe, kwa sababu kanuni nyingi za usafi zimebeba yote mawili, ugonjwa na aibu.

Baada ya hapo mlete Max Weber, mwanasosholojia wa Ujerumani, awasaidie kupanga zile za upande wa kaida. Yeye aliuliza: ukivunja, nani atakufuata? Mfanyabiashara wa soko la Majengo anayefungua kibanda alfajiri akiamua kufungua saa nne, hakuna anayemfuata. Hilo ni zoea. Akiwapita wazee bila salamu, watu watamnunia, watamsema, huenda wakamwacha asinunuliwe. Hiyo ni kaida. Asipolipa ushuru, yuko mtu aliyewekwa rasmi kwa kazi ya kumfuata. Hiyo ni sheria. Kwa Weber kilichotofautisha sheria ni kuwapo kwa watu maalumu wa kuitekeleza, iwe imeandikwa au la. William Graham Sumner wa Marekani naye, mwaka 1906, aligawa mazoea ya kawaida na yale ambayo kundi linaamini ustawi wake unayategemea. Ni mgawanyo unaofaa, ila hauelezi nguvu inatoka wapi, kwa hiyo usikae nao muda mrefu.

Nguvu inatoka wapi basi? Hapa ndipo kaida na kitakatifu hukutana. Durkheim aliona kuwa kanuni ya maadili ina nyuso mbili: inaamrisha, na papo hapo inapendeza, yaani mtu huitii kwa kuiona ni njema hata inapomuuma. Hofu na mvuto kwa pamoja ndiyo sura ile ile ya kitu kitakatifu. Ndiyo sababu kosa dhidi ya kaida nzito hutuchefua kabla hata hatujafikiri. Ngʼombe wakiingia shambani na kula mtama, watu huketi, hukadiria hasara, fidia hulipwa na ugomvi unaisha. Mtu akifanya mapenzi na binti yake, hakuna anayetaja fidia. Katika kitabu chake cha 1893 Durkheim alitenganisha sheria za kurejesha na sheria za kuadhibu kwa namna hiyo hiyo, akasema hatulilaani tendo kwa sababu ni kosa, bali ni kosa kwa sababu tunalilaani.

Je, mchawi na mganga nao wana kitakatifu? Mbona hawaitwi dini?
*Msomaji, Mpwapwa*

Wanavyo vitu vilivyotengwa na vina miiko, ndiyo. Kinachokosekana ni sehemu ya tatu ya ufafanuzi tuliyoitaja hapo juu. Mganga ana wateja, na mteja wa Jumatatu hafungwi na chochote kwa mteja wa Jumanne. Huenda hawajuani, na wakikutana mlangoni huenda wakakwepana. Kukiwa na watu wanaoshika miiko ile ile kwa pamoja na kuulizana wanapoivunja, hapo ndipo Durkheim angesema dini. Kwa hiyo tambiko la ukoo lina sura ya dini, na dawa ya siri ya kuvuta wateja dukani haina.

Mimi ni mwenyeji wa Kondoa. Michoro ya mwambani ya Kolo, wazee wetu wanaenda kutambika pale, na watalii wanaenda na kamera. Kibao kinasema ni urithi wa dunia. Nauliza: pale ni patakatifu au ni makumbusho?
*Msomaji, Kondoa*

Swali lako ni kubwa kuliko linavyoonekana, na nadharia ya Durkheim inalijibu nusu.

Nusu inayojibika: mwamba ni mmoja, makundi ni mawili, na kila kundi limeutenga kwa miiko yake. Kwa wanaotambika mahali paitwapo Mungomi wa Kolo, pale pana nguvu ya uponyaji na mvua. Kuna namna ya kufika, kuna vya kupeleka, kuna wanaoongoza. Kwa wahifadhi, tangu UNESCO ilipoiandikisha michoro ya Kondoa mwaka 2006, pana miiko mingine: usiguse, usimwagie maji rangi zing'ae upige picha, usiwashe moto chini ya jabali, usichimbe. Hiyo nayo ni orodha ya makatazo, na anayeivunja hutazamwa kama aliyenajisi. Ugomvi hutokea pale ambapo tendo ambalo kundi moja linaliona ni ibada, kundi la pili linaliona ni uharibifu. Kurushia pombe kwenye mwamba ni heshima kwa mtambikaji na ni madoa kwa mhifadhi. Hakuna kati yao asiyeheshimu mahali pale. Anayeendesha mkutano wa kusuluhisha akianza kwa kudhani upande mmoja hauna heshima, mkutano utavunjika. Aanze kwa kuomba kila upande utaje makatazo yake, moja moja, yaandikwe ubaoni katika safu mbili. Kwa kawaida yanayogongana ni machache kuliko watu walivyofikiri, na hayo machache ndiyo ya kujadili: lini, upande gani wa jabali, na kwa kiasi gani.

Nusu isiyojibika vizuri: Durkheim alisema mgawanyo wa kitakatifu na cha kawaida ni kamili, kwamba hakuna tofauti nyingine katika fikra za binadamu iliyo kali kama hiyo. Waliokaa na watu muda mrefu waliona vinginevyo. Mwanaanthropolojia E. E. Evans-Pritchard aliona kwa Wazande, watu wa Afrika ya kati, kwamba madhabahu ya mizimu uani, ibada ikiisha, huegemezwa mikuki kama nguzo yoyote. Utakatifu ulikuja saa ya ibada na kuondoka nayo. Durkheim mwenyewe hakuwahi kufika Australia ya kati, alikochota mifano yake. Alitegemea maandishi ya Baldwin Spencer na Francis Gillen, hasa yale ya mwaka 1899 kuhusu Waarunta. Ukichunguza Kolo, basi, usiulize tu kama pale ni patakatifu. Uliza ni patakatifu saa ngapi, na nini huanzisha na kumaliza muda huo.

Zamani huku kwetu nchi ikiharibika, mvua zikikataa au ngʼombe wakifa, wanawake walivaa mavazi ya wanaume, wakashika fimbo na mikuki, wakachunga ngʼombe, na wanaume wakawapisha. Vijana wanasema huo ulikuwa utovu wa mila. Wataalamu wanasemaje?
*Mzee, Bahi*

Shikamoo mzee wetu. Ulichoeleza kimeandikwa, na kimeandikwa kwa heshima. Peter Rigby alifanya utafiti Ugogoni, akaandika mwaka 1968 kuhusu ibada hizo za utakaso. Alieleza wazo la *mbeho*, hali ya nchi inayoweza kuwa njema au mbaya, na jinsi hali ikishakuwa mbaya wanawake walivyoshika nafasi za wanaume, wakaifukuza ile shari mpaka kwenye mpaka wa magharibi wa nchi ya mtemi na kuitupa huko. Magharibi ni upande jua linakozama, upande wa mauti. Mashariki ni upande wa heri.

Vijana wanaoita huo utovu wa mila wamechukulia kuwa mila ni orodha ya matendo. Angalia mambo matatu wanayoyaacha. Kwanza, ugeuzaji ule ulikuwa na sababu maalumu na mwisho maalumu. Mwanamke aliyevaa hivyo siku nyingine asingeachwa. Pili, kila aliyeshiriki alijua kanuni ya kugeuza: si fujo kama kila mtu anajua nani avae nini na ngʼombe waelekezwe wapi. Tatu, Rigby alionyesha mantiki yake: nchi imegeuka, kilichopaswa kuwa juu kimekuwa chini, basi ibada inazigeuza nafasi za watu ili wakati urudi mahali pake. Ili mavazi ya kiume yawe na nguvu mwilini mwa mwanamke siku hiyo, lazima siku nyingine zote yawe mwiko kwake. Kaida isiyoheshimiwa haiwezi kugeuzwa ikaleta maana yoyote.

Durkheim alikuwa na fungu la ibada za namna hii, za kufanywa nchi inapopata msiba, na Kiswahili kina jina lake tayari: matambiko. Aliona pia kwamba watu wakikusanyika kwa ngoma na nyimbo, joto la pamoja hupanda mpaka mtu anajihisi kubebwa na nguvu isiyo yake. Kwa Waarunta alieleza misimu miwili, ule wa kutawanyika kutafuta chakula na ule wa kukusanyika kwa sherehe. Mzee, wewe uliyeona jando na ngoma zikingoja mavuno yaishe na kiangazi kiingie huna haja ya kusafirishwa Australia ili uielewe hoja hiyo. Nguvu ile, anasema, ni ya kweli kabisa. Watu huipa jina la kile wanachokitazama wakati huo.

Tuna ombi moja. Kama wapo bado mabibi walioshiriki, waombwe wasimulie na simulizi zirekodiwe kwa Kigogo chao kwanza, tafsiri ifuate baadaye. Maneno kama *mbeho* hayahami yote yakitafsiriwa.

Tangu Serikali ihamie hapa watu hawasalimiani, majirani hawajuani, kila mtu na geti lake. Kaka yangu aliyesoma anasema hiyo ndiyo anomia. Ni kweli?
*Msomaji, Dodoma mjini*

Kaka yako amechukua neno sahihi akalibandika mahali pasipo pake. Anomia kwa Durkheim si kukosekana kwa adabu. Ni hali ambapo kanuni za kupima kiasi zimelegea: mtu hajui tena kiasi gani kinamtosha, bei gani ni ya haki, juhudi gani inastahili malipo gani. Katika utafiti wake wa mwaka 1897 kuhusu kujiua alisisitiza kwamba hali hiyo huja na neema ya ghafla sawasawa na inavyokuja na msiba, kwa kuwa vyote viwili huvunja vipimo vya zamani. Ukiitafuta Dodoma, itafute kwenye viwanja. Uamuzi wa kuhamishia makao makuu hapa ulikuwa wa mwaka 1973, lakini wizara zilianza kuhamia kwa wingi mwaka 2016, na mji ukawa jiji mwaka 2018. Familia iliyozoea kuhesabu mali kwa ngʼombe na debe za mtama inapopewa bei ya shamba kwa mamilioni, haina kipimo cha kujua kama imepunjwa au imetajirika, wala desturi ya kuamua nani ndani ya ukoo ana haki ya kuuza. Hapo neno anomia linafaa.

Kutosalimiana mjini ni jambo lingine, na Georg Simmel, mwanasosholojia wa Ujerumani, aliliandika vizuri mwaka 1903. Mtu wa mji mkubwa hukutana na sura nyingi kiasi kwamba akizifungulia moyo zote atachoka, hujiwekea kizuizi. Kizuizi hicho ni kaida. Jaribu kumkazia macho abiria mwenzako kwenye daladala na kumuuliza anakokwenda na kwa nani, utaona jinsi utakavyoadhibiwa kwa jicho tu. Kaida haikuondoka, imebadilishwa nyingine.

Na geti? Mwaka 1898 Durkheim aliandika kwamba katika jamii za watu walio tofauti kwa kazi, imani na asili, kitu pekee kinachobaki kuwa kitakatifu kwa wote ni mtu mwenyewe, utu wake. Hodi tunayobisha, ingawa mlango uko wazi na mwenyeji tunamwona, ni katazo dogo linalomzunguka mtu. Kumpiga mtuhumiwa, kusoma barua ya mwenzio, kumvua mtu nguo hadharani: tunachukia mambo haya kama kufuru hata kwa mtu tusiyemjua jina.

Mwanangu wa miaka minne anatumia mkono wa kushoto. Bibi yake anamfunga kitambaa mkononi. Nifanyeje?
*Mama, Mpwapwa*

Mwombe bibi afungue kitambaa, kwa heshima na kwa maelezo.

Robert Hertz, mwanafunzi wa Durkheim aliyekufa vitani mwaka 1915 akiwa na miaka 33, aliandika mwaka 1909 kuhusu ukuu wa mkono wa kulia. Hoja yake: mwili hutoa tofauti ndogo ya wepesi kati ya mikono miwili, kisha jamii huichukua tofauti hiyo ndogo na kuifanya ya daraja, kulia kuwe kwa heri na kushoto kwa shari. Lugha yetu inashuhudia: mkono wa kulia tunauita mkono wa kuume, wa kushoto mkono wa kike. Rigby aliukuta mgawanyo huo huo kwa Wagogo, akauandikia makala mwaka 1966.

Kaida hiyo inahusu mambo machache tu: kupokea, kutoa, kusalimia kwa mkono na kula chakula cha pamoja. Haihusu kalamu, jembe, mpira wala sindano. Mfundishe mtoto yale manne polepole kama unavyomfundisha kupiga goti, na mengine yote muache atumie mkono unaomtii. Bibi atakubali haraka zaidi ukimwonyesha kwamba anachokilinda, yaani adabu ya mezani, kimelindwa. Mtoto akifungwa mkono hujifunza kuwa yeye ndiye mwenye kasoro, na hilo si fundisho la kaida hata moja.

Nimesikia Weber alisema kiongozi wa kweli ana karisma. Je, ni sawa na karama tunayohubiriwa?
*Mwinjilisti, Kongwa*

Neno ni moja. Weber alilichukua kutoka maandishi ya Rudolf Sohm, mwanahistoria wa sheria za Kanisa, naye Sohm alilitoa katika barua za Paulo, pale Biblia yetu inaposema karama. Tofauti ni kwamba Weber hakuuliza kama karama imetoka kwa Mungu. Aliuliza kama wafuasi wanaitambua. Wakiacha kuitambua, au ishara zikikoma, mamlaka hayo huisha. Wala hakusema kuwa kiongozi mwenye karama ni bora kuliko wengine. Ni aina moja kati ya tatu za mamlaka, pamoja na ya kimila na ya kisheria. Kinachofaa kuangaliwa kanisani ni siku mwanzilishi anapofariki: karama hugeuzwa kuwa cheo, mtaala, akaunti ya benki na utaratibu wa kumpata mrithi. Mahali ambapo utaratibu huo haukuwekwa mapema, kundi hupasuka.

Nimepewa kazi ya utafiti mdogo: "kitakatifu na kaida katika eneo langu." Nina wiki sita. Nianzie wapi?
*Mwanafunzi wa mwaka wa pili, Dodoma*

Anza na barua. Barua ya chuo iende ngazi ya mkoa au wilaya kadiri chuo kitakavyokuelekeza, kisha ufike nayo kwa mtendaji wa kijiji au mtaa kabla hujamuuliza mtu yeyote chochote. Ukirukia wenyeji kwanza, utakuwa umevunja kaida ya kwanza ya mahali unapotaka kusoma kaida.

Chagua mahali pamoja padogo: uwanja wa kanisa, kisima, makaburi, mti wa mikutano, mlango wa shule wakati wa bendera. Nenda mara sita, saa mbili kila mara, kwa siku na nyakati tofauti, zikiwemo nyakati ambazo hakuna kinachoendelea. Gawa daftari safu nne: tendo, aliyetenda, aliyemrekebisha na alirekebishaje, sababu iliyotolewa. Safu ya tatu ndiyo dhahabu yako. Kurasa kumi za maelezo ya mahali palivyo, bila rekebisho hata moja, hazitakusaidia.

Halafu zungumza na watu 8 hadi 12, wazee na vijana, wanawake na wanaume. Usiulize "je, hapa ni patakatifu?" Utajibiwa ndiyo na kila mtu mwenye adabu. Uliza: nini hakifanywi hapa? Nani haingii? Mara ya mwisho mtu kukosea ilikuwaje, na nani alisema nini? Ukijibiwa "ni mila tu," usibishe wala usipendekeze sababu. Rudi kwenye ile mara ya mwisho. Swali la tukio hufungua mdomo ambao swali la sababu limeufunga.

Makosa yatakayokuharibia kazi ni haya. Kuita kila desturi kuwa takatifu: tumia kipimo cha Weber kwanza, na lile lisilo na wa kukufuata liandike kama zoea. Kuchanganya katazo la afya na katazo la heshima: tumia kipimo cha Durkheim cha 1906, cha kuangalia adhabu inatoka wapi. Kuripoti wanachosema watu kana kwamba ndicho wanachofanya: linganisha safu ya kwanza na majibu ya mahojiano, na palipo na tofauti andika yote mawili. Na kupiga picha. Kamera acha nyumbani ziara tatu za mwanzo; baadaye omba, na ukikatazwa, andika katazo hilo kwenye safu yake pamoja na jina la cheo, si la mtu, aliyekukataza.

Ukiambiwa jambo kisha ukaambiwa "hili usiandike," funga daftari mbele yake aone. Wala usiliandike usiku ukiwa chumbani.